Kompyuta Ikataapo Kuwaka

Watu wengi wakiona kompyuta imekataa kuwaka husema mara moja, "Imekufa." Neno hilo halimsaidii fundi. Kompyuta haiamki kwa mara moja. Hupita hatua baada ya hatua, na anayetaka kuiponya hana budi kwanza kujua imesimama katika hatua ipi.

Umeme wa ukutani huingia katika kisanduku cha nyuma chenye feni, ambacho mafundi hukiita pawasaplai, nacho huupunguza kuwa wa volti 12, 5 na 3.3. Kisha programu ndogo iliyomo katika ubao mkuu, yaani bayosi, huamka na kukagua viungo vyote. Ikiridhika, hutafuta diski, na ndipo Windows au Linux hupakiwa.

Basi, ukibonyeza swichi pasiwe na taa wala mvumo wa feni, usitaje habari za diski. Ijaribu soketi kwa kitu kingine, badili waya, tena tazama swichi ya nyuma. Pawasaplai nyingine za zamani zina kiswichi chekundu cha kuchagua 115 au 230. Kwetu sharti kikae 230, la sivyo itaungua. Pawasaplai yenyewe usiifungue hata kama imechomolewa, maana umeme hubaki ndani yake.

Feni zikizunguka na skrini ikabaki nyeusi, hakikisha kwanza kwamba skrini imeunganishwa barabara, kisha sikiliza. Huenda kompyuta ikalia pii, pii. Hesabu milio hiyo, kwa kuwa kila kiwanda kina hesabu yake. Mara nyingi kosa ni vijiti vya RAM. Vumbi letu jekundu na unyevu wa mvua huchafua meno yake. Chomoa waya wa umeme, bonyeza swichi kidogo ili umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha kasha, kisha toa kijiti na uyasugue meno taratibu kwa raba ya penseli. Kirudishe mpaka vishikizo vilie "ta!" Vikiwa viwili, jaribu kimoja kimoja. Dawa hii haigharimu hata senti, nami naipenda kuliko zote.

Saa ikirudi miaka mingi nyuma kila asubuhi, betri ndogo ya CR2032 iliyo kwenye ubao imekwisha. Kuibadili ni kazi ya dakika tano.

Tukija kwenye diski, kompyuta yaweza kusema haioni pa kuanzia. Kabla ya kuhangaika, chomoa flashi iliyosahauliwa. Cheka ukitaka, lakini ndivyo ilivyo mara nyingi.

Hapa pana hatari kubwa. Muhula uliopita kompyuta yenye mazoezi yote ya darasa letu la Senior Six ilifika kwenye nembo ya Windows, ikazimika, ikaanza tena, ikazimika. Fundi mmoja alitaka kuifuta diski na kuweka Windows mpya. Kweli ingewaka, lakini kazi zetu zingepotea nasi tukingojea mtihani wa vitendo. Mwalimu alikataa. Tuliiwasha kwa Linux iliyowekwa katika flashi, ambayo haiigusi diski usipoiamuru, tukanakili mafaili yote kwenye diski ya nje. Baada ya hapo ndipo fundi aliruhusiwa. Diski ikitoa mlio wa ta-ta-ta, usiiwashe tena na tena kuijaribu. Kila mara waweza kupoteza zaidi.

Nanyi wanafunzi wa zamani mnaotuletea kompyuta za maofisini, asanteni sana. Ombi letu ni moja: ziondoeni nywila za bayosi kabla hamjazileta. Tunazo mbili zilizofungwa hivyo, na hatuwezi kuziwasha kwa flashi.