Sonona, Ubongo na Sumaku: Je, Kutafuta Tiba ni Udhaifu wa Imani?



Ndugu zangu katika imani, mwenzetu anapojifungia chumbani wiki mbili, hapati usingizi, hagusi chakula, haonekani darasani wala msikitini, wengi wetu tuna jibu moja tu: "Zidisha adhkari, imani yako imeshuka." Adhkari ni kheri bila shaka. Lakini je, tumejiuliza kama anaumwa?

Wanazuoni wetu walijiuliza zamani. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria (934 Miladia), aligawa huzuni mafungu mawili. Ya kwanza ina sababu inayojulikana, kama msiba. Ya pili haina sababu inayoonekana, na chanzo chake alikiona kuwa ni mwili. Kwa hiyo ilihitaji tiba ya mwili.

Ubongo unafanyaje?

Tafiti nyingi za picha za ubongo zimeonyesha kwamba katika sonona sehemu ya mbele, upande wa kushoto, inayosaidia kupanga mambo na kutawala hisia, mara nyingi hupoa. Sehemu nyingine ya ndani zaidi, inayohusika na huzuni, huchemka kupita kiasi.

Mwaka 1985, Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, walionyesha kuwa ubongo unaweza kuamshwa kwa sumaku bila kupasua kichwa. Koili ya waya huwekwa juu ya kichwa na kupitishwa umeme kwa mapigo mafupi. Nguvu ya sumaku hupenya fuvu na kuamsha seli za neva. Mapigo kama 10 kwa sekunde huipa uhai ile sehemu iliyopoa, na kwa kuwa imeungana na ile ya ndani, athari hufika huko pia. Marekani iliidhinisha tiba hii mwaka 2008 kwa watu wazima ambao dawa hazikuwasaidia. Mgonjwa hukaa macho, bila nusukaputi, kwa kawaida siku 5 kwa wiki, wiki 4 hadi 6.

Mwaka 2023, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walieleza jambo jingine. Kwa mtu mwenye afya, ishara hutoka sehemu inayopokea habari za mwili, kama mapigo ya moyo, kwenda sehemu inayosimamia hisia. Kwa wengi wa wagonjwa wao, ishara zilikwenda kinyume. Baada ya tiba ya sumaku, mwelekeo ulirudi sawa, na wale ambao hali yao ilikuwa mbaya zaidi ndio walionufaika zaidi.

Tahadhari

Si kila mtu hupona. Wengine huumwa kichwa, na kwa nadra sana hutokea degedege. Mwenye chuma kichwani au historia ya kifafa lazima amweleze daktari. Kukosa usingizi huongeza hatari hiyo, basi anayekesha usiku wa Ramadhani naye aseme.

Tunajifunza nini?

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa. Nabii Ya'qub (A.S.) alihuzunika hadi macho yake yakawa meupe, na hakuna anayethubutu kusema imani yake ilishuka. Kutawakali ni kumfunga ngamia kwanza.

Basi mgongee mwenzako mlango. Omba naye dua, kisha mshike mkono mwende kwa daktari.

Wallaahu a'lam.