Kibali cha Kutembea Msituni na Namba ya Malipo

Njia ya miguu inayotoka Chiungutwa kwenda shambani, kisimani au kijiji jirani ni ya wote. Mpita njia hadaiwi hata senti. Hali hubadilika mpakani mwa msitu wa hifadhi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inazitaja shughuli za mapumziko, kupiga kambi na utalii katika misitu hiyo miongoni mwa zile zinazohitaji kibali.

Mfano wa karibu ni Msitu wa Mazingira Asilia Rondo, mkoani Lindi, ng'ambo ya bonde la mto Lukuledi. Ndimo anamoishi komba mdogo aliyepewa jina la Rondo. Msitu huo husimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Anayetaka kuutembelea hueleza idadi ya watu, uraia wao, siku na shughuli, kisha hupewa ankara yenye namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo wengi huiita kontroli namba. Namba hiyo hulipiwa benki au kwa simu, na fedha huingia serikalini moja kwa moja. Raia hutozwa kiasi kidogo kuliko mgeni wa nje, hivyo kitambulisho kisiachwe nyumbani.

Hapa ndipo wananchi wengine hupoteza fedha zao. Mtu anayepokea noti mkononi na kuandika jina kwenye kipande cha karatasi hajatoa kibali, hata akiwa amevaa sare. Malipo yasiyo na namba hayaonekani popote, na aliyelipa hana cha kuonyesha akiulizwa na askari wa msitu.

Kibali si stakabadhi tu. Mwalimu akiingia na wanafunzi 40 na jioni wakatoka 39, orodha iliyoachwa langoni ndiyo itakayoonyesha nani anatafutwa na aliingia saa ngapi.

Aidha, kibali hufuata shughuli iliyotajwa. Cha matembezi hakimruhusu mwenye nacho kukata fito, kuchimba dawa wala kurudi na kikapu cha ming'oko. Hayo yana vibali vyake. Viwango vya tozo hubadilika kwa kanuni, kwa hiyo shule inayopanga safari iulize kwanza ofisi ya TFS wilayani, ndipo michango ya wazazi ipangwe.