Vihusishi "in", "on" na "at" kando ya Ziwa Nyasa

Tulipokagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya mwambao wa Ziwa Nyasa, tulikuta mtoto wa mvuvi ameandika: "My father is in the lake." Mwanachuo aliyekuwa akisahihisha aliweka alama ya vema, akachukua daftari jingine. Lakini Mwingereza akiisoma sentensi hiyo ataelewa kwamba baba yumo majini, anaogelea, au pengine amezama.

Kosa lilianzia ubaoni. Palikuwa pameandikwa kwamba "in" ni katika, "on" ni juu ya, "at" ni kwenye. Orodha ya namna hiyo hudanganya. Tukisema Mbamba Bay "is on Lake Nyasa", hatuna maana kwamba mji umejengwa juu ya maji, bali umepakana nayo.

Kiswahili hutosheka na kiambishi -ni: ziwani. Kiingereza humlazimisha msemaji achague. Aliye majini yu "in the lake". Avuaye kwa mtumbwi yu "on the lake". Ashonaye nyavu ufukoni yu "at the lake". (Kihusishi "by" kingojee siku nyingine.)

Hata hivyo, mtoto haji darasani mikono mitupu. Anajua kutofautisha yupo, yuko na yumo. Hawezi kumwambia mama yake "Baba yumo ziwani" bila kumshtua. Basi anzeni hapo. "Yumo" hukaribiana na "in", na "yupo" mara nyingi na "at". Lakini ujirani si upacha: abiria yumo basini, na Kiingereza husema "on the bus". Nacho "on" hakina mwenzake katika hao watatu, kwa hiyo kinahitaji mifano mingi zaidi.

Kwa shule za milimani Mbinga, ngolo za Wamatengo ni kifaa bora kuliko picha yoyote. Wapelekeni watoto shambani: maji yametuama "in the pit", maharage yameota "on the ridge", mtoto amesimama "at the edge of the field". Kila mmoja aseme huku akigusa au akisimama mahali penyewe.

Yule mtoto wa mvuvi tulimwuliza baba yuko wapi hasa. Akajibu, "Yumo mtumbwini, anavua usipa." Baada ya kufikiri kidogo akaandika upya: "My father is in a canoe on the lake."