Nuru na Vinavyoizunguka

Ndugu Waislamu, Mwenyezi Mungu ametuamrisha tuzitazame mbingu kwa mazingatio. Katika somo hili twataka kueleza kwa nini nuru ya nyota za mbali mno, nyingine yatufikia na nyingine haitufikii.

Hapa Nakuru, ukungu ukitanda juu ya Menengai, mlima hauonekani. Mwenye akili hasemi kuwa mlima umeondoka. Husema baina yake na mlima pana kizuizi.

Wataalamu wa falaki wasema kuwa ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8 hivi, na kwamba zama za mwanzo ulijaa gesi ya haidrojeni. Galaksi, yaani makundi makubwa ya nyota, zilipoanza kuwaka zilitoa nuru iitwayo Laiman-alfa. Gesi hiyo huinasa nuru hiyo na kuitawanya, kama ukungu utawanyavyo mwanga wa taa.

Lakini miali ya nyota kali huzivunja chembe za gesi iliyo karibu, pakawa na uwazi. Galaksi zikiwa jirani, nyuwazi zao huungana. Nuru ipitayo katika uwazi mpana hunyooshwa na kutanuka kwa ulimwengu, hata ifikapo kwenye gesi imekwisha badilika, hainaswi tena.

Mwezi wa Machi 2025 ilitangazwa kuwa darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Disemba 2021, imeiona nuru hiyo katika galaksi JADES-GS-z13-1, kama ilivyokuwa miaka milioni 330 tu tangu mwanzo wa ulimwengu. Wataalamu walistaajabu, kwani gesi ya wakati ule ilikuwa nzito. Hawakuikanusha nuru, walitafuta kilichoizunguka, wakaona yaelekea pana uwazi mkubwa.

Basi na sisi tujipime. Mara nyingi mwezi wa Ramadhani huonekana pwani, na huku Bonde la Ufa pana wingu, akatokea mtu akasema, "Mbona sisi hatukuuona?" akamkadhibisha shahidi mwadilifu. Hatuzungumzii hapa hitilafu ya matlai, ambayo wanavyuoni wana kauli zao. Twasema juu ya ulimi. Mtume (S.A.W.) ametufundisha tukamilishe siku 30 mwezi ukifichwa na wingu, hakutufundisha kumwita mwongo aliyeuona pasipo wingu. Kutoona kwetu si ushahidi juu ya aliyeona.

Wallahu aalam.