STAJI YA KULINDA NYAMA WA PORI

Wandugu, wengi wetu tulilipiwa masomo na nyama ya pori. Hatuwezi kudharau baba zetu wawindaji. Lakini nyama wakiisha, wadogo zetu watalipiwa na nini?

Mwindaji anajua mambo mengi mbele ya kitabu. Mwaka 2007 huko Opala, wachunguzi walikuta kima nyumbani kwa mkubwa wa shule ya msingi. Hawakumjua. Wawindaji walimwita lesula. Mwaka 2012 akaandikwa katika sayansi. Mwaka 2016 Parki ya Lomami ikaanzishwa, katika Maniema na Tshopo.

Basi anayeenda staji ashike mambo tatu: kuuliza wawindaji, kuhesabu nyayo na mitego ya waya, kuandika siku na pahali katika kaye. Sisi wa mwaka wa sita tutaanza likizo hii, kwa baba zetu.