Waridi la Februari na Kikuba cha Nyumbani



Limetufikia katika darasa yetu, baina ya Maghribi na Isha, suali la bibi mmoja wa Msambweni. Tumeona si vyema kulijibu kwa mdomo kisha likapotea, kwani nyumba zilizo na suali hili ni nyingi, tangu Ukunda hata Vanga.

Bibi huyu ana mume aliye mtumishi katika hoteli moja ya Diani. Kila tarehe 14 Februari, siku iitwayo ya Valentine, mumewe hupanga mawaridi mekundu juu ya meza za wageni, akawasha mishumaa, na akarejea kwake usiku wa manane. Mwaka huu bibi alimwambia: "Bwana, nami niletee ua moja." Akajibiwa: "Hiyo ni haramu, si ada yetu." Basi atuuliza: "Kilicho haramu ni siku, au ni ua? Na ikiwa ni siku, mbona katika hizo nyingine zote pia sijaletewa?"

Twakiri kwamba suali hili lilitunyamazisha kitambo. Na tuanze na siku yenyewe.

Asili yake ni sikukuu ya shahidi wa Kikristo ambaye husimuliwa kuwa aliuawa Roma katika karne ya 3. Mambo ya mapenzi yalikuja nyuma sana: katika karne ya 14 mshairi wa Kiingereza, Chaucer, alitunga juu ya ndege wanaochagua wenzi wao siku hiyo. Kisha ikaja biashara. Uingereza iliposhusha ada ya barua hata peni moja mwaka 1840, kadi za mapenzi zilienea kila mji. Na mwaka 1969 Kanisa la Roma lenyewe lilimwondoa Valentine katika kalenda yake kuu, kwa uchache wa yanayojulikana kwa yakini juu yake. Shahidi akaondoka, soko likabaki.

Soko hilo halituko mbali. Mawaridi mengi yanayouzwa Ulaya siku hiyo yamekatwa Naivasha, katika nchi yetu hii, yakapelekwa kwa ndege kutoka Nairobi. Hatuilaumu biashara ya halali, wala vibarua wanaokula kwa jasho lao. Lakini twauliza: zawadi ambayo tarehe yake imewekwa na muuzaji, na ambayo asiyeitoa huaibika mbele ya watu, ni mapenzi au ni kodi? Kijana anayekopa kwa simu apate kumlisha mchumba chakula cha usiku mmoja, kisha akalipa deni miezi mitatu, ametoa kwa kupenda au kwa kuogopa? Sisi twaona kuwa mapenzi yanayongoja kalenda ni mapenzi machanga, na kuwa siku hii si yetu wala hatuna haja nayo.

Kijana mmoja darasani alituambia: "Mwanadamu husahau; kuna ubaya gani awe na siku ya kukumbushwa?" Neno lake si la kudharauliwa. Twamjibu: anayetaka kukumbushwa, Ijumaa humjia kila wiki. Huoga, akavaa kanzu safi na kujipaka manukato kwa ajili ya kwenda msikitini. Na arudipo, awe na uso huo huo mwema kwa aliyemfulia kanzu.

Ama wewe bwana wa Diani, usidhani kwamba tumekupa ushindi. Umesema kweli juu ya siku, lakini umeifanya kweli hiyo kuwa ngao ya ubahili wako. Katika Surat ar-Rum, aya ya 21, Mwenyezi Mungu ameyahesabu mapenzi na huruma baina ya mume na mke kuwa katika ishara zake. Je, ishara ya Mwenyezi Mungu huachwa ikanyauka nyumbani? Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alishindana mbio na Bibi Aisha. Mara bibi akashinda, na mara nyingine akashinda yeye. Na alipokuwa nyumbani alikuwa katika kazi za ahali zake. Haya hayakuja na Wazungu.

Wala usiseme: "Masurufu natoa." Masurufu ni haki yake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imempa Kadhi kuhukumu mambo ya ndoa na talaka baina ya Waislamu. Na mke afikapo mbele yake akadai chakula, nguo na makazi, husikizwa. Lakini Kadhi hawezi kukuhukumu utabasamu. Hilo limeachwa kwako wewe na Mola wako.

Na wazee wetu hawakuwa wakavu. Walijua kikuba cha asumini na rehani, walijua udi wa jioni, walijua leso iliyochaguliwa kwa jina lake ili iseme lile ambalo mume aliona haya kulisema. Hawakungoja Februari.

Basi jibu letu ni hili. Siku iache, ua lipeleke. Wala usilitwae la hotelini pasi na ruhusa, kwani hiyo ni mali ya wenyewe. Asumini huota uani, na kichane cha ndizi kutoka sokoni Ukunda, kikitolewa kwa neno jema, chatosha. Na wewe bibi, usimpime mumeo kwa usiku mmoja wa wageni. Mpime kwa asubuhi zake. Lakini suali lako ni la haki, nasi twamtaka alijibu kwa mkono wake, kesho si mbali.

Wabillahi taufiki.