Nusu Asilimia: Tusome Kifungu cha 204 Pamoja

Muhula uliopita, komredi ninayekaa naye chumba kimoja aliniuliza, "Nyinyi wa Tana River si mlitengewa pesa zenu kwenye Katiba? Mlizipeleka wapi?" Nilikosa jibu. Nilichojua ni kwamba zahanati ya kwetu haina stima, na usiku muuguzi huzalisha akina mama kwa tochi ya simu. Basi nikaenda kusoma. Nawaletea nilichopata, maana najua si mimi peke yangu ningekwama.

Kwanza, sheria inasema nini? Kifungu cha 204 kinaunda Hazina ya Usawazishaji. Kila mwaka huingiziwa nusu asilimia ya mapato yote ya serikali ya kitaifa, ili kupeleka maji, barabara, vituo vya afya na umeme maeneo yaliyotengwa, hadi huduma zifikie kiwango cha kwingineko nchini. Si sadaka hiyo. Sera ya serikali ya 1965 ilielekeza uwekezaji kule kulikoonekana kuwa na uwezo mkubwa wa kuzalisha. Sisi wengine tuliachwa. Hili ni deni.

Shule je? Hazikutajwa. Lakini kifungu kinasema huduma za msingi "zikiwemo" hizo nne, na Kifungu cha 259 kinaeleza kwamba orodha ya namna hiyo haijafungwa. Hapo ndipo hoja ya madarasa inapoingilia.

Pili, hesabu. Nusu asilimia haitolewi kwa mapato ya leo, bali kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa. Tuchukue mfano wa kubuni. Serikali imekusanya trilioni 2 mwaka huu. Nusu asilimia ni bilioni 10. Kama hesabu za mwisho zilizoidhinishwa ni za zamani, mapato yakiwa trilioni 1, tunapata bilioni 5. Nyingine 5 zimeyeyuka bila mtu kuiba hata ndururu.

Tatu, nani anahesabiwa? Vigezo huwekwa na Tume ya Ugavi wa Mapato. Sera yake ya kwanza ilitaja kaunti 14. Ya pili, ya 2018, ilishuka hadi maeneo madogo 1,424 katika kaunti 34. Kusema kweli niliudhika: mkate uleule, midomo zaidi. Kisha nikamwonyesha komredi wangu orodha. Kaunti yake imo. Akanyamaza, halafu akasema, "Huko ni kwa nyanya." Hata kaunti yenye lami ina kijiji ambako mgonjwa hubebwa kwa bodaboda.

Nne, tarehe. Hazina ilipewa miaka 20 kuanzia 27 Agosti 2010. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilibatilisha mwongozo wa kuisimamia. Kanuni mpya zikaja 2021. Saa haikusimama kusubiri. Ikifika 2030 inakoma, isipokuwa Bunge liiongezee muda kwa kura za zaidi ya nusu ya wabunge wote na zaidi ya nusu ya kaunti katika Seneti.

Kwa hivyo, makomredi, mbunge wako akija kuomba kura, muulize maswali mawili tu: hesabu za mwaka gani ndizo zinazotumika, na 2030 atapiga kura gani? Mimi jibu la mwenzangu ninalo sasa. Muuguzi wetu bado anashika tochi.